Hadithi Kama Mlango wa Historia: Mafunzo Kutoka Masasi na Newala

Utangulizi

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa habari za utamaduni, lakini ni mara chache watu hujiuliza jinsi asili hiyo inavyomfikia mtoto. Mtoto hazaliwi akiwa anajua walikotoka wazee wake, wala hajui ni nani aliyetunga nyimbo anazoimba au ni nani aliyebuni komeo la mlango wa nyumba ya bibi yake. Hana budi aambiwe. Na akiambiwa kwa namna isiyomgusa, kama vile kwa orodha ya miaka na majina ya watawala, atakariri mpaka siku ya mtihani, kisha atasahau.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hadithi ni njia madhubuti ya kumfundisha mtoto historia, habari za wabunifu na wasanii, na maana ya visasili vya watu wake. Mifano yake imechukuliwa katika wilaya za Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, sehemu wanakoishi Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mwalimu wa sehemu nyingine anaweza kuitumia njia hii hii kwa masimulizi ya nyumbani kwake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwani hadithi nyingi za huko hazieleweki pasipo kuijua. Masasi iko katika nchi ya chini, kati ya milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama ngome. Newala iko mashariki yake, juu ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, ambao umeinuka kati ya Mto Lukuledi upande wa kaskazini na Mto Ruvuma upande wa kusini. Mtu akisimama Newala kwenye genge liitwalo Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limetandaa chini yake mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Ajabu ya uwanda huo ni kwamba mvua hunyesha, miti humea, lakini maji hayaonekani. Udongo wake wa kichanga huyanywa maji yote, nayo hutokea chini kabisa, miguuni mwa miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani, na ndiyo sababu mradi wa maji ulioanzishwa huko katika miaka ya 1950 ulikuwa jambo kubwa sana katika maisha yao.

Shule kabla ya shule

Kabla ya kuwako madarasa na mbao za kuandikia, watoto wa sehemu hizi walikuwa na shule zao. Shule ya kwanza ilikuwa motoni, jioni, baada ya chakula. Hapo bibi alitega vitendawili na kusimulia ngano za sungura na fisi, na ndani ya ngano hizo mtoto alifundishwa hekima, tahadhari na adabu. Shule ya pili ilikuwa kwa mjomba. Kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye aliyekuwa na wajibu mkubwa wa kumweleza kijana ukoo wake ni upi, ulitoka wapi, na mipaka ya mashamba yake iko wapi. Shule ya tatu ilikuwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Huko mafunzo yalitolewa kwa nyimbo, kwa ngoma, na kwa vinyago vilivyovaliwa usoni, ambavyo kwa Wamakonde huitwa mapiko au midimu.

Tukichunguza shule hizo tatu, tunaona kwamba zote zilikuwa na jambo moja la pamoja: mafunzo hayakutenganishwa na hadithi, na hadithi haikutenganishwa na kazi. Kijana hakuambiwa tu kwamba wazee walikuwa wachongaji; alikaa karibu na mchongaji akamsikiliza huku vibanzi vya mti vikimwangukia miguuni. Hata wamisionari wa Masasi walikuja kutambua nguvu za mafunzo hayo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, badala ya kulipiga vita jando alijaribu kulipatanisha na mafundisho ya kanisa lake. Watu wanaweza kubishana kama alifanya vema au vibaya, lakini jaribio hilo linathibitisha kwamba shule ile ilikuwa na mizizi ambayo haikung'oleka kwa urahisi.

Mwanamke aliyechongwa katika mti

Hebu sasa tuchukue kisasili mashuhuri kuliko vyote vya Uwanda wa Makonde, ambacho kiliandikwa vitabuni mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee walisimulia kwamba zamani mahali paitwapo Mahuta palikuwa msitu mtupu. Humo aliishi mtu mmoja peke yake. Hakuoga, hakunyoa, na alikula na kunywa kidogo tu. Siku moja alikata mti akachonga sanamu ya mtu, akaipeleka kwake na kuisimamisha wima. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mpaka Ruvuma wakaoga, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakaenda bonde la Mbemkuru. Akazaa tena, naye pia akawa mfu. Ndipo waliporudi juu, msituni Mahuta, na mtoto wa tatu akazaliwa akaishi. Hao ndio wazazi wa Wamakonde. Yule baba akawausia wanawe wawazike wafu wao wima, kwa kumkumbuka mama yao aliyeamka akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa sababu huko kuna maradhi na mauti.

Mwalimu asiye mwangalifu anaweza kufanya makosa ya aina mbili mbele ya kisasili hiki. La kwanza ni kukicheka na kukiita upuuzi wa watu wa kale. La pili ni kukifundisha kana kwamba ni taarifa ya mambo yaliyotukia hasa, kwa siku na tarehe. Yote mawili humdhulumu mwanafunzi. Kisasili ni ushahidi, bali ni ushahidi wa namna yake: hakituambii jinsi mtu wa kwanza alivyopatikana, ila chatuambia jinsi watu walivyojitambua na mambo waliyoyaona kuwa makubwa.

Mwalimu mwangalifu atawauliza wanafunzi maswali. Kwa nini mama wa kabila hili alichongwa, wala hakufinyangwa kwa udongo? Mwanafunzi atajibu mwenyewe kwamba uchongaji kwao ni kazi ya asili, yenye heshima, tangu kabla ya duka la kwanza la vinyago kufunguliwa Dar es Salaam. Kwa nini ni mama anayekumbukwa hata katika namna ya kuzika? Hapo darasa litaingia katika habari za ukoo wa upande wa mama. Kwa nini watoto wawili walikufa mabondeni na wa tatu akapona juu? Hapo somo la historia litakutana na somo la afya, kwani mabonde yenye maji ndiyo yenye mbu na malale.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Awakumbushe wanafunzi kwamba katika karne ya 19 mabonde hayo yalikuwa pia njia za misafara ya watumwa na za majeshi yaliyokuja kuteka, na kwamba vichaka vizito vya uwandani vilikuwa kinga. Mtu aliyekubali kutembea saa nzima kutafuta maji alikuwa akinunua usalama wake kwa jasho. Kisasili chataja maradhi. Historia yaongeza vita. Mwanafunzi akiviweka viwili hivyo pamoja, amekwisha kuanza kufikiri kama mwanahistoria.

Mji wa watu waliorudi

Kutoka katika kisasili, twende kwenye habari zilizoandikwa wakati zilipotokea. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa misioni ya Kianglikana ya Unguja, aliongoza msafara wa watu waliokuwa wameokolewa katika utumwa. Wengi wao asili yao ilikuwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi, wakaona nchi njema chini ya milima ile ya mawe, wakakaa. Hivyo ndivyo makazi ya misioni yalivyoanza.

Ndani ya habari hii mna hadithi mbili. Ya kwanza ni ya Steere mwenyewe. Huyu ndiye aliyekusanya ngano za Kiswahili kutoka kwa wasimuliaji wa Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, kitabu ambacho wasomi wa fasihi yetu wanakitumia hata leo. Lakini mwanafunzi hana budi aulizwe: wasimuliaji wale walikuwa nani? Jina la mkusanyaji limebaki juu ya jalada, na walioitoa hazina yenyewe wametajwa kwa nadra. Swali hilo litamrudia mwanafunzi kila atakaposoma habari za Afrika zilizoandikwa na wageni.

Hadithi ya pili, tena kubwa zaidi, ni ya wale waliorudi. Tuwazie mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akapelekwa pwani kwa minyororo, akavushwa bahari, kisha akarejea kwa miguu na kujenga nyumba yake kati ya watu ambao huenda walikuwa ndugu wa waliomuuza. Nayo amani waliyoipata haikudumu. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakatekwa, na nyumba zikachomwa. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa misioni hiyo, aliihamishia Newala kwa miaka kadhaa, chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Wayao wa hapo.

Je, inafaa kuwasimulia watoto mambo kama haya, ambapo kabila moja la nchi yetu lililivamia jingine? Wapo wanaodhani kwamba umoja wa taifa hulindwa kwa kunyamaza. Maoni ya makala hii ni kinyume chake. Mtoto wa Kingoni na mtoto wa Kiyao wanaweza kuisoma habari hii katika dawati moja, mradi waelezwe kisa chake: jinsi vita vya kusini mwa Afrika vilivyowasukuma Wangoni kuja kaskazini, na jinsi biashara ya watumwa ilivyoivuruga nchi nzima hata kila mmoja akawa anamhofu mwenzake. Wakielewa sababu, wataona pia thamani ya taifa lililowakusanya chini ya bendera moja.

Barua ya Machemba

Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mwakilishi wa dola la Wajerumani, aliwataka wakuu wa kusini waje pwani kujisalimisha. Mmoja wao, Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na ngome yake juu ya Uwanda wa Makonde, alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema kwa adabu kwamba haoni sababu ya kumtii. Ikiwa jambo linalotakiwa ni urafiki, yu tayari. Lakini kuwa mtumwa wa mtu mwingine, hapana. Hakuja pwani. Wajerumani walipeleka majeshi mara kwa mara, naye akawasumbua kwa miaka mingi, hata mwaka 1899 alipolazimika kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Hiki ni kisa ambacho mwanafunzi wa Newala anastahili kukijua kabla ya kujua habari za Napoleon. Uzuri wake una pande nyingi. Kwanza kinamwonyesha mwanafunzi kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya siasa na ya mambo ya nchi, mbali na pwani, kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kusimama katika sehemu hizo. Pili kinamwonyesha kwamba kalamu ilikuwa silaha mikononi mwa Mwafrika. Tatu, kinampa kazi ya kufanya. Mwalimu anaweza kulihimiza darasa liandike barua hiyo upya kwa maneno yao, kisha wengine waandike jibu la Wissmann. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo hatausahau mwaka 1890.

Lakini hapa pia uangalifu unatakiwa. Machemba alikuwa shujaa wa kupinga utawala wa kigeni, lakini alikuwa pia mkuu wa zama zake, na utajiri wa wakuu wengi wa zama hizo ulihusiana na biashara ya misafara, ambayo ndani yake walikuwamo watumwa. Vivyo hivyo kuhusu Vita vya Majimaji. Mwezi wa Agosti 1905 vita hivyo vilifika Masasi, na majengo ya misioni yakachomwa. Hata hivyo si watu wote wa sehemu hizi waliojiunga. Wapo waliopigana, wapo waliokaa kando, na wapo wakuu waliosimama upande wa Wajerumani. Hadithi nzuri ya historia haimgeuzi mtu kuwa malaika. Inamwacha mwanadamu, ili mtoto ajue kwamba ushujaa hufanywa na watu kama yeye.

Wabunifu wasiotajwa

Muulize mwanafunzi wa sekondari ni nani aliyebuni simu, atamtaja Alexander Graham Bell bila kusita. Hilo si vibaya. Lakini mwaka 1906, mtaalamu mmoja wa makumbusho kutoka Leipzig, Karl Weule, alipokaa Masasi, Newala na Mahuta kuchunguza maisha ya watu, aliwakuta watoto wa huko wakichezea simu ya vibuyu viwili vilivyounganishwa kwa uzi. Mmoja alinong'ona upande huu, mwenzake akasikia upande ule. Aliona pia makomeo ya mlango yaliyotengenezwa kwa miti, pamoja na funguo zake. Namna za kupekecha moto kwa vijiti. Na mgoromondo, yaani marimba ya vijiti vilivyolazwa juu ya matita ya nyasi.

Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa historia wanaweza kulifundisha somo hili pamoja. Wanafunzi watengeneze simu ya vibuyu na kueleza jinsi sauti inavyosafiri katika uzi uliokazwa na kupotea uzi unapolegea. Wamwombe mzee fundi wa kijijini awaonyeshe jinsi komeo la mti linavyojifunga na kufunguka. Halafu waulizwe: aliyebuni komeo hili alikuwa na tatizo gani, na alilitatua vipi? Jina lake hatulijui. Lakini kutojulikana kwa jina hakuondoi ubunifu, kama vile kutojulikana kwa mtunzi hakuondoi utamu wa wimbo. Mtoto akitambua kwamba fikra za kubuni zilikuwamo katika nyumba ya babu yake, hatadhani tena kwamba uvumbuzi ni jambo linalotoka ng'ambo peke yake.

Safari ya Weule yenyewe ni somo. Alichukua picha, alinasa nyimbo za watu kwa mashine ya sauti yenye mitungi ya nta, na aliwapa watu karatasi na kalamu wakachora. Miongoni mwao alikuwamo mpagazi wake aliyeitwa Pesa Mbili. Vitu vingi alivyovikusanya vilikwenda Ujerumani. Hivyo sauti za watu wa Newala wa mwaka 1906 zilivuka bahari, na wajukuu wao wakabaki hawazijui. Naye alifika wakati Vita vya Majimaji vilipokuwa vimetoka tu kuipita nchi hiyo, wananchi wakiwa bado na hofu na njaa. Wanafunzi wajadili: mtu anapokusanya urithi wa watu waliotoka vitani na kushindwa, je, wao walikuwa na uhuru gani wa kukataa?

Wasanii wa mpingo na rangi

Katika sanaa, Wamakonde hawahitaji kusifiwa, kwani mpingo umewasifu duniani kote. Lakini wanafunzi wengi huliona jina la kabila bila kuyaona majina ya watu. Ni wajibu wa mwalimu kuyataja. Samaki Likankoa ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, mtindo ambao umbo la mtu hupindishwa na kuvunjwa mpaka likaleta kicho na kicheko kwa pamoja. Roberto Yakobo Sangwani anakumbukwa kwa mtindo wa dimoongo, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la ujamaa, wenye watu wengi waliochongwa katika gogo moja, kila mmoja akimbeba na kubebwa na mwenzake. Wengi wa wachongaji wa mitindo hii walitoka ng'ambo ya Ruvuma, wakaja Tanganyika kufanya kazi za mkonge na nyinginezo, kisha wakapata soko la sanaa yao Dar es Salaam.

Hapa mwanafunzi atagundua jambo muhimu: utamaduni haukusimama mahali pamoja. Mtindo wa shetani haukurithiwa kutoka karne za kale. Ulibuniwa na mtu mmoja, katika mji mpya, mbele ya wanunuzi wapya, lakini kwa mkono uliofunzwa kuchonga mapiko. Mapokeo na ubunifu si maadui.

Msanii mwingine wa kusimuliwa ni George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934. Alianza kwa kuchonga kama wazee wake, akaja kufanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na huko akageukia uchoraji. Viumbe vyake vya rangi kali, vyenye masikio makubwa na midomo mipana, vinavyocheza, kugombana na kupika, ni mashetani yale yale ya mpingo yaliyopata rangi. Alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Shaaban Robert alitupa mfano wa kuandika maisha ya msanii alipotoa Wasifu wa Siti binti Saad. Wanafunzi wa Masasi wana kila sababu ya kuandika wasifu wa wasanii wao.

Na kama mwalimu anatafuta hadithi yenye mshangao, ipo moja ya kweli kabisa. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho moja ya Geneva, Uswisi. Ilipofahamika kwamba kiliibiwa, mazungumzo yalianza, yakachukua miaka mingi, na mwezi wa Mei 2010 kinyago kikarudishwa Tanzania. Darasa zima litataka kujua kilikwendaje, nani alikitambua, na kwa nini kurudi kwake kulichukua muda mrefu hivyo. Kwa kisa hicho kimoja, watajifunza habari za urithi, sheria na heshima ya taifa zaidi ya watakavyojifunza kwa maelezo ya kurasa kumi.

Namna ya kufundisha

Kutokana na mifano hii, tunaweza kueleza hatua chache za kufuata. Kwanza, mwalimu asimulie kisa kizima bila kukikatiza kwa maelezo, ili kiingie. Pili, awaongoze wanafunzi kutenga mambo matatu: yale yanayosimuliwa na wazee, yale yaliyoandikwa wakati ule, na yale tunayoyakisia wenyewe. Tatu, awape kazi ya mikono, iwe ni kuchora ramani ya njia ya kisa, kutengeneza kifaa, au kuigiza. Ebrahim Hussein alituonyesha katika Kinjeketile, mchezo uliochapishwa mwaka 1969, kwamba habari za Majimaji zikiletwa jukwaani huibua maswali mazito kuliko zikibaki katika muhtasari wa masomo.

Nne, wanafunzi wapelekwe kwa wazee. Njia hii ilikwisha kujaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Kama wasingekwenda wakati ule, masimulizi mengi yangezikwa pamoja na wenyewe. Kabla yao, ng'ambo ya Ruvuma, Padri Yohanna Abdallah alikwisha kuandika historia ya Wayao kwa lugha ya Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Hakungoja mgeni aje kumwandikia.

Katika kazi hiyo adabu ni lazima. Mwanafunzi amwamkie mzee, aeleze shabaha yake, na aombe ruhusa ya kuandika. Yako mambo ya jando na unyago ambayo hayasemwi hadharani, wala mbele ya wasiohusika. Mzee akisema, hili halisemwi, mwanafunzi aandike tu kwamba hakuambiwa, na aendelee na jingine. Siri ya watu nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Mwisho, masimulizi ya wazee wawili au watatu yalinganishwe. Pale yanapopishana, tusione haya. Hapo ndipo historia inapoanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Masasi na Newala hakuna upungufu wa hadithi. Upo msitu wa Mahuta na mwanamke wake wa mti. Ipo milima ya mawe iliyowapokea waliorudi kutoka utumwani. Ipo barua ya Machemba. Vipo vibuyu vya simu, makomeo ya miti na mpingo wenye majina ya mafundi. Upo pia msimu wa miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, wakati watu wa mpakani walipowapokea ndugu zao waliovuka Ruvuma, habari ambazo wengi walioziona wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Hao ndio wa kwendewa kwanza, kwa sababu umri hauwangojei. Kila mwalimu wa sehemu hizo anaweza kuanza na mzee mmoja, darasa moja na daftari moja. Daftari hilo likihifadhiwa shuleni na kuongezwa kila mwaka, baada ya miaka kumi litakuwa kitabu cha historia cha kijiji kile, kilichoandikwa na watoto wake wenyewe. Na mtafiti wa kesho, atokaye Leipzig au atokaye Dar es Salaam, atalazimika kubisha hodi shuleni hapo kwanza.